Vidonge vya Madini na Vitamini kwa Mjamzito Anayekazwa na Misuli ya Miguu: Namna ya Kuchagua, Kupanga Saa za Kumeza na Kujua Lini Uache

Msuli wa mguu unapokaza usiku wa manane, mjamzito hushtuka usingizini na kukuta shavu la mguu limekuwa gumu kama jiwe. Maumivu hayo huweza kudumu sekunde chache au dakika kadhaa, na yanapopita huacha msuli ukiuma hadi asubuhi kana kwamba ulipigwa. Hali hii huwapata wajawazito wengi, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na kunapokucha mhusika huenda duka la dawa kuuliza ni kidonge gani anunue. Mara nyingi hurudi na chupa tatu za aina tofauti, hajui ipi ina nini wala ipi imezwe saa ngapi.

Ninaloshauri ni kwamba kidonge kinaweza kujaribiwa, lakini kiwe cha aina moja kwa wakati mmoja, kwa muda uliopangwa tangu mwanzo, kwa kumshirikisha mkunga au daktari, na kwa ratiba isiyovuruga dawa ambazo kliniki imekwisha kukupa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na kwa mama wa Tanzania au Kenya ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote.

Kabla ya kwenda duka la dawa

Chukua kadi yako ya kliniki, kisha weka mezani kila kidonge, kila unga na kila dawa ya maji unayotumia sasa, pamoja na ulivyogawiwa na jirani au ulivyoletewa na ndugu anayeishi nje ya nchi. Wajawazito wengi tayari wanameza vidonge vya kuongeza damu, yaani madini chuma pamoja na asidi ya foliki; wengi humezeshwa dawa ya SP ya kukinga malaria wanapohudhuria kliniki kuanzia muhula wa pili wa ujauzito; wapo walio kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI; na wengi hubeba mkobani kidonge cha kutafuna cha kutuliza kiungulia. Andika majina yote katika karatasi moja, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo utakayomwonyesha mkunga, na ndiyo itakayoamua kama kidonge kipya kina nafasi na kama kina saa yake.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba unachopata ni msuli kukaza kweli. Msuli uliokaza huanza ghafla, huwa mgumu ukiushika kwa mkono, na hulegea ukinyooshwa. Maumivu yanayokaa kwenye mguu mmoja kutwa nzima, yakiandamana na uvimbe, joto au ngozi kubadilika rangi, huweza kuwa dalili ya damu iliyoganda ndani ya mshipa, hatari ambayo huongezeka wakati wa ujauzito na katika majuma yanayofuata kujifungua. Hayo si ya kusubiri kidonge: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kama unapumua kwa shida au kifua kinauma, usisubiri hata saa moja. Vivyo hivyo, kuumwa sana kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba ghafla uso na mikono, au kuumwa sehemu ya juu ya tumbo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito ambalo huweza kuishia katika kifafa cha mimba, na mjamzito mwenye dalili hizo anahitaji kupimwa mara moja hata kama kilichomsumbua kwanza ni miguu.

Ipo pia hali nyingine inayochanganywa na hii, ambayo miguu haikazi bali huwa na fukuto na hamu isiyozuilika ya kuitikisa kila unapolala. Hali hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini chuma, kwa hiyo ukiwa nayo omba kupimwa wingi wa damu kabla ya kufikiria madini mengine yoyote.

Jambo la tatu halihitaji fedha. Msuli ukikaza, nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko. Usivinyooshe kuelekea mbele, kwa kuwa kufanya hivyo huzidisha mkazo. Kwa kuwa tumbo kubwa huzuia kuinama, mwenzako anaweza kuusukuma wayo kwa kiganja chake, au wewe mwenyewe unaweza kupitisha khanga chini ya wayo na kuivuta ncha zote mbili. Ukiweza kusimama salama, shuka kitandani na ukanyage sakafu kwa wayo mzima. Msuli ukishalegea, ukande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na uusugue taratibu. Kila jioni kabla ya kulala, simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma huku kisigino kikiwa chini na goti limenyooka, uegemee mbele hadi uhisi shavu la mguu linavutika, kisha ubadilishe mguu. Mazoezi haya hayana madhara kwa mimba, na napendekeza uyaanze wiki moja nzima kabla ya kidonge, ili baadaye usije ukakisifu kidonge kwa kazi iliyofanywa na ukuta.

Tunachojua kuhusu vidonge

Chanzo halisi cha misuli kukaza wakati wa ujauzito hakijathibitishwa. Watu husema kwamba mtoto tumboni ananyonya chokaa yote ya mama, na ni kweli kwamba mtoto anahitaji kalsiamu, yaani madini ya chokaa, ili kujenga mifupa. Lakini mwili wa mjamzito huongeza uwezo wa kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula, na wanawake wengi wanaokazwa na misuli hupimwa damu na kukutwa wana kalsiamu ya kawaida. Kwa hiyo misuli kukaza, peke yake, si ushahidi kwamba umepungukiwa na madini fulani, na muuzaji anayekuambia hivyo bila kukupima anakisia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito, ule uliopendekeza mahudhurio yasiyopungua 8, unasema kwamba magnesiamu, kalsiamu au njia zisizo za dawa zinaweza kutumika kupunguza hali hii, kwa kufuata anachopendelea mama na kinachopatikana alipo. Tazama neno “au”: mwongozo huo haukuvipa vidonge daraja la juu kuliko kunyoosha msuli na kuukanda kwa joto. Sababu yake ni udhaifu wa ushahidi. Mapitio yaliyotolewa mwaka 2020 na mtandao wa watafiti wa Cochrane yalikusanya majaribio 8 madogo yaliyohusisha wanawake 576, yakiwa ya magnesiamu, kalsiamu, vitamini B, vitamini C na vitamini D, na yakahitimisha kwamba haijawa wazi kama kidonge chochote kati ya hivyo kinafanya kazi kweli.

Kwa upande wa magnesiamu, matokeo yamepingana. Jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 1995 na jingine la Thailand lililotumia 300 mg kwa siku yalionyesha nafuu, ilhali jaribio la Norway la mwaka 2008, lililotumia 360 mg kwa siku kwa wiki mbili, halikuona tofauti na kidonge kisicho na dawa. Kwa upande wa kalsiamu, wanawake waliopewa gramu 1 mara mbili kwa siku walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Lakini kalsiamu ilipolinganishwa na vitamini C, makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Nalitilia maanani sana jambo hilo, kwa kuwa hali hii huja na kuondoka yenyewe, na mtu aliyeanza kidonge katika wiki yake mbaya kuliko zote ana uwezekano mkubwa wa kuwa na wiki bora baadaye, awe amekunywa dawa au maji matupu.

Vitamini B1 na B6 zimejaribiwa kwa pamoja kwa idadi ndogo ya wanawake, na vitamini D haikuonyesha manufaa kwa tatizo hili. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuwapa wajawazito wote vidonge vya B6, C na E kwa lengo la kuboresha matokeo ya ujauzito, nami sioni sababu ya kuvinunua kwa ajili ya miguu. Vitamini B6 kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu huweza kudhuru mishipa ya fahamu, kwa hiyo si kweli kwamba vitamini zote hazina madhara.

Kuchagua kati ya kalsiamu na magnesiamu

Kama baada ya mazoezi bado unataka kujaribu kidonge, na mkunga wako hana kipingamizi, maoni yangu ni kwamba mama anayekula maziwa na dagaa mara chache aanze na kalsiamu. Sababu si kwamba kalsiamu imethibitika zaidi kwa misuli, bali ni kwamba ina faida nyingine iliyothibitika: katika jamii ambazo chakula chake kina kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate gramu 1.5 hadi 2.0 za kalsiamu halisi kwa siku ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba. Hata misuli ikiendelea kukaza, fedha yako haitakuwa imepotea bure.

Dozi hiyo ni vidonge vitatu au vinne vya 500 mg kwa siku; ni mzigo, na wengi huvichoka. Utafiti mkubwa uliofanyika Dar es Salaam na nchini India, ukachapishwa mwaka 2024, uliwahusisha wanawake 11,000 katika kila nchi waliokuwa hawajawahi kuzaa, ukalinganisha 500 mg na 1,500 mg za kalsiamu kwa siku. Dozi ndogo haikuonekana kuwa dhaifu kuliko kubwa katika kuzuia shinikizo la damu la ujauzito, ingawa kwa upande wa kuzuia kujifungua kabla ya wakati, matokeo ya Tanzania hayakutosha kuthibitisha hilo. Utafiti huo haukuwa wa misuli ya miguu, lakini unakupa jambo la kuzungumza na mkunga wako unapoamua umeze vidonge vingapi.

Magnesiamu ni chaguo la pili linalokubalika, hasa kwa mama ambaye tayari anapata kalsiamu ya kutosha. Majaribio mengi yametumia kati ya 300 na 360 mg kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu. Wewe usivuke 350 mg: nchini Marekani, kikomo kilichowekwa kwa magnesiamu ya vidonge, bila kuhesabu ile ya chakula, ni 350 mg kwa siku kwa mtu mzima, mjamzito akiwemo. Dalili ya kwanza ya kuzidisha ni kuharisha na kichefuchefu. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa magnesiamu ya ziada, na ikirundikana katika damu huleta usingizi mzito, udhaifu wa misuli na kushuka kwa shinikizo la damu. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo naye aulize kabla ya kuanza kalsiamu.

Kusoma lebo

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na si kosa lao. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kopo mara nyingi ni uzito wa chumvi nzima yenye madini, si uzito wa madini yenyewe, wakati dozi zote nilizozitaja hapo juu ni za madini halisi. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha 1,250 mg kina kalsiamu halisi 500 mg, yaani asilimia 40. Kidonge cha kalsiamu lakteti cha 300 mg kina takribani 39 mg tu. Mama anayemeza vidonge viwili vya lakteti kila siku akiamini kwamba amepata 600 mg amepata, kwa kweli, kiasi kidogo kuliko kilichomo katika nusu glasi ya maziwa. Magnesiamu oksaidi ina madini mengi kwa uzito, kama asilimia 60, lakini mwili huifyonza kwa shida kuliko magnesiamu sitreti, na huweza kulegeza tumbo. Mwombe mfamasia akuonyeshe kwa kidole mstari unaotaja kiasi halisi. Lebo isiyokuwa na mstari huo haikupi njia ya kujua unameza nini.

Soma pia orodha ya viambato vyote. Vidonge vya mchanganyiko vya wajawazito vya fomula ya Umoja wa Mataifa, vyenye vitamini na madini 15, havina kalsiamu wala magnesiamu, kwa hiyo anayevimeza hajapata dozi hizo mbili bado. Kinyume chake, anayemeza mchanganyiko huo hapaswi kuongeza mchanganyiko mwingine juu yake, kwa sababu atakuwa anarudia vitamini A, ambayo ikizidi katika ujauzito, hasa mwanzoni, huweza kumlemaza mtoto. Vidonge vinavyochemka katika maji vina sodiamu, hivyo mwenye shinikizo la damu aulize kwanza.

Kupanga saa za kumeza

Madini hugombania njia tumboni. Kalsiamu ikikutana na madini chuma huyapunguzia nafasi ya kufyonzwa, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge hivyo vipishane kwa saa kadhaa. Kwa nchi zetu, ambako upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo kubwa, ningesikitika sana kuona mama akituliza miguu yake kwa gharama ya damu yake. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye 30 hadi 60 mg za madini chuma pamoja na 0.4 mg za asidi ya foliki kwa siku, ndivyo vyenye haki ya kwanza. Kidonge cha miguu kitafutiwe nafasi inayobaki.

Ratiba inayofanya kazi katika nyumba nyingi ni hii. Asubuhi, pamoja na uji au kifungua kinywa, meza kalsiamu 500 mg, kwa sababu kalsiamu kaboneti hufyonzwa vizuri pamoja na chakula na mwili hauwezi kufyonza kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja. Mchana, saa kadhaa baadaye, meza kidonge cha kuongeza damu pamoja na chungwa, embe au maji ya ukwaju, bila chai wala kahawa, kwa kuwa vinywaji hivyo viwili huzuia madini chuma. Jioni, pamoja na chakula, meza kalsiamu nyingine kama umeelekezwa. Kama ulichochagua ni magnesiamu, meza sehemu moja asubuhi na nyingine kabla ya kulala, na kidonge cha damu kibaki mchana. Mama ambaye madini chuma humchafua tumbo na amezoea kuyameza wakati wa kulala anaweza kuendelea hivyo, mradi kalsiamu ya mwisho iwe imemezwa saa kadhaa kabla.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir, ambayo sasa imo katika kidonge wanachopewa kwanza wanaoanza matibabu Tanzania na Kenya, tahadhari ni kubwa zaidi, kwani kalsiamu, madini chuma na magnesiamu huishika dawa hiyo tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia katika damu. Dolutegravir imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya madini hayo. Kalsiamu na madini chuma vinaweza kumezwa pamoja nayo iwapo vyote vinamezwa na chakula, lakini dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini haziruhusiwi kukutana nayo hata kukiwa na chakula. Dozi pungufu ya dawa hii inahusu afya yako na kinga ya mtoto asiambukizwe; kwa hiyo zungumza na mhudumu wa kliniki yako kabla ya kuongeza kidonge chochote, na usiache dawa zako ili kupisha madini.

Kuhusu SP, kosa lililo rahisi kufanywa ni la asidi ya foliki. Maduka mengi ya dawa huuza vidonge vya foliki vya 5 mg, na mama hununua akidhani kwamba nyingi ni bora zaidi. Asidi ya foliki ya 5 mg au zaidi kwa siku hudhoofisha nguvu ya SP dhidi ya malaria, ndiyo maana kiasi kinachopendekezwa pamoja na SP ni kile cha 0.4 mg. Wapo wanawake wachache wanaoandikiwa 5 mg na daktari kwa sababu maalumu. Hao wamweleze wazi anayewapa SP.

Kidonge cha kiungulia nacho kihesabiwe. Magnesiamu traisiliketi, inayotafunwa na wajawazito wengi, hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma, kwa hiyo isikaribiane na kidonge cha damu. Wanaotumia dawa ya tezi ya shingo waipishe na kalsiamu kwa saa 4, na anayeandikiwa antibaotiki amkumbushe daktari kwamba anameza madini, kwa sababu baadhi ya antibaotiki hushikana nayo.

Vya kuepuka

Kwinini ilitumika miaka mingi ulimwenguni kutuliza misuli inayokaza, na bado wapo wanaoikumbuka. Isitumike kwa kazi hiyo. Kwinini huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kuharibu chembe za damu na kushusha sukari, na nafasi yake ni matibabu ya malaria chini ya usimamizi wa mhudumu wa afya.

Vidonge vya potasiamu visinunuliwe bila kipimo cha damu, kwa kuwa potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Anayeamini kwamba ndizi humsaidia na ale ndizi. Chumvi ya magnesiamu ya kuharishia isinywewe kama kirutubisho, na isichanganywe na sindano ya magnesiamu salfeti inayotolewa hospitalini kwa mgonjwa wa kifafa cha mimba, ambayo hutolewa kwa uangalizi wa karibu.

Udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito, ule unaoitwa pemba, baadhi ya watu huuchukulia kuwa chokaa ya asili. Ninaelewa hamu hiyo ilivyo na nguvu, na sitaki mama yeyote aone aibu kuitaja kliniki. Lakini udongo hushika madini chuma tumboni, huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hamu yenyewe mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Mwambie mkunga, upimwe damu.

Chakula kinachoingia pale pale

Glasi moja ya maziwa au mtindi ina takribani 300 mg za kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, na hupatikana kutoka Kigoma hadi Mwanza hadi pwani. Uji wa ulezi una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi au mchele. Na ufuta una kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Magnesiamu imejaa katika mbegu za maboga, ambazo gramu 30 tu, kiasi cha konzi moja, zina kama 150 mg, na pia katika korosho, karanga, maharagwe, choroko na kunde. Dona ina magnesiamu zaidi ya sembe, kwa sababu kukoboa huondoa pumba na kiini ambamo madini hukaa. Mchicha una magnesiamu nzuri, ila kalsiamu yake hufungwa na oksalati iliyomo ndani yake, hivyo usiuhesabu kama maziwa.

Kufuatilia na kuacha

Anza kwa kuandika, kwa wiki moja kabla ya kidonge, kila usiku uliokazwa, mara ngapi, na mguu upi. Kisha anza kidonge kimoja na uendelee kuandika kwa wiki mbili hadi nne, ambao ndio muda uliotumika katika majaribio mengi. Kama usiku wenye maumivu umepungua wazi na tumbo limetulia, endelea kwa makubaliano na mkunga. Kama daftari halionyeshi tofauti, acha kidonge hicho, na usiongeze cha pili juu yake; kwa kalsiamu pekee, uliza kwanza kama kliniki inataka uendelee nayo kwa sababu ya shinikizo la damu. Kutapika mfululizo, kufa ganzi kuzunguka mdomo, au vidole vya mikono kujikunja vyenyewe ni mambo yanayohitaji kipimo cha damu, si kuongeza dozi.

Kwa wengi, misuli huacha kukaza baada ya kujifungua, na magnesiamu inaweza kuachwa hapo hapo. Vidonge vya kuongeza damu huendelea kwa muda ambao kliniki itakuandikia. Makopo yanayobaki yafungwe na yawekwe juu, mbali na watoto, hasa yale ya madini chuma: vidonge vichache tu, ambavyo mtoto wa miaka miwili huvidhania kuwa peremende, vinaweza kumuua, na akivimeza apelekwe hospitali mara moja hata kama bado anacheza.